Raketi Mbili Ukweni

Raketi yangu ilivunjika Jumatano jioni, kwenye ukumbi tunaochezea kule Tangini, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe. Kinyoya kilishuka katikati yetu, mwenzangu akakikimbilia, nami nikakikimbilia, raketi zikagongana hewani. Yake ilitoa mlio tu. Yangu fremu ilikunjika kama sufuria iliyokanyagwa na gari. Watu walicheka. Mimi nilibaki nimeshika mpini, nikiutazama.

Nina miaka hamsini na moja. Kazi yangu ni kupima ardhi. Viwanja vingi vya Mbwawa, ambako nami nimejenga, nimevipima kwa miguu yangu. Mpira wa vinyoya nilianza miaka minne iliyopita, siku daktari aliponipima presha, akapima mkono wa pili, kisha akaniuliza kama nimeshaandika wosia. Nadhani alikuwa anatania. Jioni ile ile nilimfuata jirani yangu, mwalimu wa sekondari, hadi ukumbini, na tangu hapo sijaacha. Presha imeshuka. Kwa hiyo raketi kwangu si kitu cha anasa, na hata mke wangu alilikubali hilo.

"Nunua nyingine," aliniambia, "ila isizidi elfu tisini. Dirisha la jikoni bado limezibwa kwa mbao."

Kesho yake nilikuwa na shughuli Dar, nikapitia duka la vifaa vya michezo. Muuzaji alinipa raketi ambayo sijawahi kushika kitu chepesi namna ile. Nilihisi kama nimeshika hewa yenye mpini. Nikauliza bei.

"Laki tatu na themanini, mzee."

"Zote mbili?" Ukutani kwenye ile ndoano zilining'inia mbili.

"Moja. Na nyuzi unanunua mbali."

Nyuzi mbali! Nilimrudishia kwa mikono miwili, taratibu, nikihofia nisije nikaiangusha nikalazimika kuilipa. Zile za bei ya chini alizokuwa nazo zilikuwa za chuma, za watoto wa kuchezea uani. Nilipunga moja, ikalia shingoni. Nikatoka dukani bila kitu.

Aliyeniokoa ni yule yule mwalimu. Alikuwa amepata uhamisho wa kwenda kusini na anapunguza mizigo. Alikuwa na raketi mbili, akaniletea zote nyumbani.

"Hii nyeusi elfu themanini. Hii ya bluu elfu arobaini na tano. Kaa nazo, zijaribu, Jumapili jioni unipe jibu na ile usiyoitaka."

Nyeusi ilikuwa ya kaboni tupu, kichwa kizito, rangi yake inang'aa. Niliwahi kumwona akipiga kinyoya kwa ile raketi, kikashuka chini kama jiwe. Ya bluu ilikuwa nyembamba, rangi imechubuka, mpini umefungwa upya kwa mkono. Niseme ukweli, nilikuwa nimeshachagua kabla hajafika getini akiondoka. Ya bluu niliipokea kwa adabu tu.

Jumamosi tulikuwa na safari ya Kisarawe, ukweni kwangu. Mama mkwe alikuwa ametoka kuugua kifua na mke wangu alitaka kumwona kwa macho yake. Tulikwenda kwa pikipiki yangu, tukikatiza njia za ndani za vumbi, na mfuko wenye zile raketi mbili mke wangu ameuvaa mgongoni. Nilitaka tukirudi nipitie ukumbini nizijaribu mara ya mwisho.

"Umelala nazo chumbani, sasa unazipeleka na ukweni," alinisema njia nzima. "Watadhani umekuja kutoa mahari nyingine."

Lazima nieleze uhusiano wangu na mama mkwe, maana bila hivyo mshtuko wangu hautaeleweka. Mimi natoka kwa wafugaji walioshuka na ng'ombe zao kutoka kaskazini. Kwetu mwanamume hukaa mbali na mama wa mkewe. Ukimwona anakuja njiani, unachepuka porini mpaka apite. Wazaramo wa Kisarawe hawana makali hayo, lakini yeye aliambiwa mapema kwamba mkwe wake ana mila hizo, akaziheshimu kuliko nilivyoziheshimu mimi. Miaka ishirini na miwili nimemsalimu "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba baba, hamjambo huko?" nami nikasema "Hatujambo," na hapo mazungumzo yakaisha. Nilimjua kwa kazi zake. Shamba la mihogo, mikorosho michache, mkeka, tasbihi, kanga mbili safi. Mtu mtulivu, mwenye umri wa miaka sabini na kidogo, goti la kushoto bovu. Basi. Ningeulizwa habari zake ningemaliza kwa sentensi tatu.

Tulimkuta uani amekaa mkekani anapepeta mchele. Tukasalimiana. Mimi nikapewa kiti kwenye kivuli cha nyumba, mbali kidogo, kama siku zote. Mke wangu akavua ule mfuko akauweka chini, na vichwa vya raketi vikachungulia.

Mama mkwe aliacha kupepeta.

"Hizo ni raketi?" aliuliza.

Sikushtuka mara moja. Ilinichukua muda kugundua kwamba hakuuliza "hivyo ni vitu gani." Alitaja jina.

"Za mkweo hizo," mke wangu akajibu. "Mpira wa wazee. Anachagua moja."

"Hebu nipe."

Mke wangu akamletea ile nyeusi, akicheka, kama unavyompa mtu mzima simu mpya aishangae. Mama mkwe alifuta mikono kwenye kanga, akaishika. Hakuishika kama mwiko. Aliuzungusha mpini mkononi mwake mpaka ukakaa panapotakiwa, kidole gumba kimelala upande mpana. Halafu akailaza shingo ya raketi juu ya kidole kimoja, akaisogeza, akaisogeza, mpaka ikatulia bila kuanguka.

"Nzito kichwani," alisema. Alisema na binti yake, lakini maneno yalikuwa yangu. "Hii ni ya mtu mwenye bega. Mwenzio ana bega?"

Mke wangu hakuwa anacheka tena. "Bega lilimsumbua mwaka jana," akajibu.

"Basi itamuua." Alipiga nyuzi kwa kisigino cha kiganja, akasikiliza. Akapiga tena, pembeni. Kisha akapitisha ukucha wake kwenye fremu, taratibu, kuzunguka yote, akasimama sehemu moja karibu na juu. "Na imepasuka. Hapa."

Niliinuka. Nilisahau kiti, mila na mambo yote. Nilikwenda nikainama pale mkekani, na chini ya ile rangi inayong'aa nikauona ufa mwembamba kama unywele. Nilikuwa nimeitazama raketi ile siku mbili mchana na usiku, mimi ambaye kazi yangu ni kuona jiwe la mpaka lililosogezwa kwa shubiri moja.

Tukatazamana, mimi na mama mkwe, kwa karibu. Sidhani kama iliwahi kutokea.

"Mama," mke wangu aliita. "Haya umeyajulia wapi?"

Mama mkwe alikuwa ameshachukua ile ya bluu, anaipunga kidogo kidogo kwa kifundo cha mkono tu. Uso wake ulikuwa umebadilika. Siwezi kusema alitabasamu.

"Una kinyoya?" aliniuliza. Mimi. Moja kwa moja.

Nilikuwa nacho mfukoni. Akasimama, akajipa muda goti likubali, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kutembea uani kwa hatua za kuhesabu. Alipofika mahali akachomeka kijiti cha muhogo. Akageuka, akahesabu tena, akachomeka kingine. Vilipofika vinne, akaonyesha kamba ya kuanikia nguo. "Ishushe hiyo kidogo. Mpaka usawa wa paji lako la uso."

Kwenye begi la pikipiki nina futi ya kazi, siachani nayo. Nilipima, kwa sababu sikuwa najua nifanye nini kingine. Uwanja wa mpira wa vinyoya una urefu wa mita kumi na tatu na sentimita arobaini. Vijiti vyake vilikosea kwa shubiri moja. Nilipima mara ya pili. Nilibaki nimechuchumaa na ile futi mkononi.

"Njoo, baba," alisema. "Bila kuhesabu. Tupige tu."

Alitazama majani ya migomba, akanipa upande ambao upepo ulinitoka mgongoni. Nikadhani ni heshima ya mgeni. Nilipopiga mpira wa kwanza, upepo ukaubeba hadi kwenye mihogo. Wa pili nao vivyo hivyo. Nilipojikaza nikapiga kwa upole, alikikingia raketi tu, kinyoya kikavuka kamba kwa kuikwaruza na kudondoka miguuni pangu, nami nimesimama kama mti. Hakukimbia. Goti lisingemruhusu. Alikuwa anasimama palepale, miguu peku, na kila kitu kinafanywa na kifundo cha mkono. Alinipeleka kulia, akanipeleka kushoto, akanileta mbele, na nilipokuja mbele akakirusha juu ya kichwa changu bila hata kunitazama. Nilikuwa natweta. Yeye kanga ya kichwani haikuwa imesogea.

Mipira kama kumi hivi. Halafu kifua kikamkamata, akakohoa, akarudi mkekani. Nilimletea maji mimi, kwa mkono wangu, akayapokea.

Mke wangu muda wote huo alikuwa amesimama mlangoni. Alipozungumza, sauti yake sikuitambua.

"Darasa la sita nilichaguliwa timu ya wilaya. Netiboli. Unakumbuka?"

"Nakumbuka," mama yake alisema.

"Ukanificha sketi."

"Nikaificha."

"Mwalimu alikuja mpaka hapa kuniombea ruhusa. Ukamwambia naumwa. Nimekaa ndani nasikia. Ukaniambia mchezo hauna faida, mtoto wa kike atulie. Na wewe unajua haya? Tangu lini?"

Mimi nilitamani kuondoka, lakini kuondoka nako kungekuwa utovu wa adabu, basi nikakaa. Habari ile ya sketi nilikuwa siijui. Nimelala kitanda kimoja na mwanamke huyu miaka ishirini na miwili.

Mama mkwe alinywa maji yote kwanza.

"Nilipelekwa mjini nina miaka kumi na minne," alisema. "Shangazi yangu alinitafutia kazi za ndani kwa tajiri mmoja. Nyuma ya nyumba palikuwa na ua mkubwa wa saruji. Walikuwa na mabinti watatu, na mchezo huu wakitaka kuucheza wawili wawili unataka wanne. Wakawa wananiita jikoni nijaze nafasi. Mwanzo nilisimama tu. Baada ya mwaka, wote walitaka niwe upande wao."

Alitazama mikono yake.

"Siku moja wakaja wageni. Mmoja wao alikuwa bingwa huko atokako, mwenyewe ndivyo alivyojisema. Akamfunga binti mkubwa. Akamfunga wa pili. Akamfunga na mdogo. Yule mdogo akasema, bado mmoja. Wakaniita, nina unga mikononi."

"Ukamfunga," mke wangu alisema.

"Alipata nne. Mimi kumi na tano. Mwanzo watu walicheka. Halafu hawakucheka tena. Mama mwenye nyumba akaniambia kaangalie mandazi yasiungue. Kesho yake raketi niliyokuwa natumia haikuwapo. Hakuna aliyenigombeza, hakuna aliyenipiga. Niliambiwa kuanzia leo kazi yako ni kuokota. Wakicheza, mimi nasimama ukutani. Kinyoya kikitoka nje, nakifuata. Kikinasa juu ya bati, napanda. Mwaka mzima, mpaka nilipoletwa kuolewa. Ningepigwa ningesahau. Kuokota sijasahau."

"Baba alijua?"

"Baba yako hakuniuliza. Na mimi ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa hodari wa kitu gani? Hapa hakuna aliyekijua hata jina."

Mke wangu alikuja akakaa kwenye ukingo wa mkeka. Nilidhani amelegea. Hakuwa amelegea.

"Mimi nilikuwa nacheza shuleni, mama. Mpira wa shule. Nani angeninyang'anya?"

"Nilikuona," mama yake alisema. "Nilikuwa natoka shamba, nikasimama nyuma ya michongoma pale shuleni. Ulikuwa unaruka, mwanangu, sijawahi kuona. Nikaogopa. Nikasema, huyu watampa, halafu watamnyang'anya. Nikasema bora nimnyang'anye mimi, angalau atakuja kulia kwangu."

"Nililia kwako?"

"Hapana. Ulilia chooni. Nilikusikia."

Kuku aliingia kwenye ungo wa mchele na hakuna aliyemfukuza. Nilihisi masikio yananiuma, kama mtu aliyepigwa kofi ambalo halikuwa lake.

Kisha mama mkwe akasema neno ambalo mke wangu, alivyoniambia baadaye, hajawahi kulisikia kinywani mwake maishani.

"Nisamehe."

Mke wangu aliinuka akaingia jikoni. Tulisikia sufuria zikiwekwa kwa nguvu, moja baada ya nyingine, hata zile ambazo hazikuwa na haja ya kuwekwa popote. Mama mkwe akamfukuza kuku, akavuta ungo, akaendelea kupepeta. Mimi nikaenda kuikaza kamba ya nguo irudi ilipokuwa. Vijiti vya muhogo nilishindwa kuving'oa. Niliviacha.

Tulikula. Wali na kisamvu cha nazi. Hatukuongea mengi, ila mke wangu alimtilia mama yake mboga mara mbili bila kuombwa. Wakati wa kuaga walishikana mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Njiani sikumsemesha. Tulipokaribia barabara kubwa ya lami aliniambia sikioni, juu ya kelele za injini, "Nina miaka arobaini na sita. Leo ndiyo nimejua kwamba mama aliwahi kuniona nikicheza." Nilipunguza mwendo nikidhani ana la kuongeza. Hakuwa nalo. Ukumbini sikupita.

Jumapili nilimrudishia mwalimu ile nyeusi, nikamwonyesha ufa. Alikaa juu ya boksi la vyombo alilokuwa amelifunga kwa ajili ya safari, akapitisha ukucha wake palepale, akarudia.

"Nimeichezea hivi hivi," alisema. "Wallahi sikujua. Nani amekuonyesha?"

"Mama mkwe."

Alicheka sana, mpaka alipoona mimi sicheki. Nikamlipa ya bluu. Nimeichezea tangu siku ile na bega halijaniuma, ingawa bado nafungwa kama zamani.

Mke wangu Jumamosi iliyofuata alikwenda Kisarawe peke yake. Akaenda tena na ile iliyofuata. Anarudi jioni na mihogo au korosho, macho yamevimba wakati mwingine, wakati mwingine ametulia. Wanachozungumza hakinifikii, nami siulizi. Dirisha la jikoni bado ni mbao. Mimi usiku nikilala najikuta nafikiria watu wote ambao nimewasalimia maisha yangu yote, wakaitikia, nikapita.

Wiki iliyopita simu yangu iliita nikiwa mezani. Namba sikuifahamu.

"Baba, hamjambo huko?"

Nilisimama wima. Mama mkwe hajawahi kunipigia simu. Sikujua hata kama ana namba yangu. Kitu cha kwanza kilichonijia ni msiba.

"Hatujambo mama, shikamoo. Kuna usalama?"

"Marahaba. Kuna usalama. Ulichukua ipi?"

"Ya... ile ya bluu, mama."

"Haya. Siku ile niliona unaikaba sana mkononi. Usiikabe. Ishike kama umeshika kifaranga, asitoroke na asife."

"Ndiyo, mama."

"Haya, baba." Akakata.

Mke wangu alikuwa ananitazama, kijiko hewani. "Nani huyo?"

"Mama yako."

"Amepiga kwako?"

Alinyoosha mkono, nikampa simu. Aliitazama ile namba muda mrefu, kama anayesoma barua.